Mtende nao hunywa: tuupime kabla ya kuusifu

Waswahili wana msemo ambao ni nadra kumpata mwanafunzi wa shule ya upili asiyewahi kuutia katika insha yake: bahati ya mtende, yaani bahati ya kuota jangwani. Mtu apatapo jema asilolitarajia wala kulitolea jasho, tunasema amejaliwa bahati ya mtende. Mimi, ambaye riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu chuo kikuu, nimeutumia msemo huo mara nyingi bila ya kujiuliza kama mtende wenyewe unaukubali. Leo naomba radhi ya msomaji nieleze jinsi msemo huo ulivyoniaibisha, na jinsi aibu hiyo ilivyonipeleka katika taaluma isiyokuwa yangu.

Mnamo mwaka 2017, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Turkana, si mbali na Mto Turkwel, alinialika katika sherehe ya kupanda mitende. Shirika moja la hisani lilikuwa limeleta miche sitini. Niliombwa niseme machache nami, kama ilivyo ada yetu wahadhiri, nikasema mengi. Nikawaambia akina mama waliokuwa wameketi chini ya mgunga kwamba wameletewa mti usioomba kitu. Mti uliozoea jua na mchanga, ambao ukishatiwa ardhini hujitafutia wenyewe. Nikautaja na ule msemo wetu. Mkalimani akafasiri, nao wakapiga makofi.

Nilirudi huko mwaka 2022, wakati wa ule ukame ulioanza mwaka 2020 na kuwamaliza mifugo wa kaskazini. Katika ile miche sitini, iliyosalia ilikuwa kumi na tisa. Mama mmoja wa makamo alikuja na mtungi wa lita ishirini kichwani, akautua, akamimina maji chini ya mtende mmoja, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili cha polepole, "huu mti wako unakunywa kuliko ngamia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba karatasi ya maelekezo iliyoachwa na shirika iliagiza mtungi mmoja kwa kila mche kila baada ya siku mbili, kipupwe na kiangazi, mche mdogo na mche mkubwa sawasawa. Maji yenyewe yalitoka kisima cha pampu, na yalikuwa na ladha ya chumvi. Kisima kilipopungua, iliwabidi wachague nani anywe: mti, mbuzi au mtoto. "Karatasi ilisema mtungi mmoja," akasema. "Wewe ulisema mti hauombi kitu. Sasa sisi tumwamini nani, Mwalimu?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliusifu mti, na walioubebea maji ni wengine.

Niliporejea chuoni nilimwendea mwenzangu wa kitivo cha kilimo nikamuuliza kama pana mtu aliyewahi kuuliza mtende unakunywa kiasi gani. "Daktari," akanijibu huku akinimiminia chai, "watu wameuliza, na mtende umejibu. Ni nyinyi wenye maneno ambao hamkusikiliza." Hayo niyaelezayo hapa chini nimeyapata kwake na katika maandishi aliyonipa niyasome.

Jibu la kwanza ni la kale. Nchini Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa zao, mashamba ya mitende hunyweshwa kwa mifereji iitwayo aflaj, ambayo huyaleta maji kutoka chini ya milima. Mifereji kama elfu tatu ingali ikitumika, na mwaka 2006 UNESCO iliitia mitano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa desturi, mkulima wa huko hakugawiwa maji kwa debe bali kwa wakati: mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku kwa mwendo wa nyota. Kizio kimoja cha wakati huo, kiasi cha nusu saa hivi, huitwa athar. Nalo ni neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi tukalifanya athari. Kivuli kikifika mahali pake, zamu imekwisha, na maji huelekezwa kwa jirani. Kwa kipimo hicho watu wameishi pamoja kwa karne nyingi.

Lakini kivuli na nyota hupima maji yaingiayo shambani. Havisemi ni mangapi yaliyonywewa na mti, mangapi yaliyopotea hewani na mangapi yaliyozama mchangani. Ili kuyajua hayo, sharti uuulize mti wenyewe.

Hapa kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili kina neno utomvu, nalo hutujia upesi tukizungumzia majimaji ya mti. Hata hivyo, utomvu kwa matumizi ya wengi ni ule unaonata, utokao mtini ukikatwa. Na lile tembo ambalo mgema hulikinga asubuhi na jioni juu ya mnazi ni majimaji matamu yenye sukari iliyotengenezwa na majani. Tunachokitafuta sisi si hiki wala kile. Tunatafuta maji yapandayo kutoka mizizini hadi majanini, na ambayo karibu yote hutoka hewani kama mvuke. Sehemu ndogo sana tu ndiyo ibakiyo mtini. Nitayaita mkondo wa maji, kwa kuwa ndivyo yalivyo: mto mdogo uliosimama wima.

Mto huo hauonekani, nao hupimwa kwa joto. Mwaka 1932 Bruno Huber alionyesha kwamba ukiutia mti joto kidogo kwa ghafla mahali pamoja, kisha ukangoja joto hilo lifike mahali pa juu yake, utajua mwendo wa maji yanayolichukua. Mwaka 1985 Mfaransa André Granier alitoa njia nyingine iliyoenea kwa urahisi wake. Huchukuliwa sindano mbili, zikatiwa shinani, moja juu ya nyingine. Ya juu hupashwa joto la umeme mdogo usiobadilika; ya chini huachwa ilivyo. Usiku, maji yasipopanda, tofauti ya joto baina ya sindano hizo huwa kubwa kabisa. Jua likichomoza na majani yakaanza kuvuta, maji hupita yakaichukua hari ya sindano ya juu, na tofauti hupungua. Mwenzangu alinifafanulia hivi: ukitumbukiza msumari wa moto katika dimbwi lililotulia, utakaa na joto lake kwa kitambo, ukiutumbukiza katika mto uendao kasi, utapoa mara moja. Basi mwenye kujua msumari umepoa kwa kiasi gani anaweza kujua mto unakwenda kwa kasi gani.

Naam, jambo lenyewe ni jepesi hivyo. Ila Granier aliisawazisha hesabu yake kwa miti aliyokuwa nayo huko Ulaya, ya jamii ya msonobari na mwaloni. Na hapo ndipo mtende ulipowapiga wataalamu chenga.

Mtende si mti kwa namna mwembe ulivyo mti. Kwa nasaba, uko karibu zaidi na mahindi na mwanzi kuliko mwembe. Mwembe hunenepa mwaka hata mwaka kwa kuongeza tabaka chini ya gome, na maji yake hupanda katika tabaka za nje. Mtende hauna tabaka za namna hiyo. Mishipa yake ya maji imetapakaa shinani kote, mfano wa zile nyuzi uzionazo ukikata bua la mahindi, na mshipa ulioanza kazi mti ukiwa mchanga huendelea na kazi yake maisha yote ya mti. Nje pana ganda gumu la vikonyo vya makuti yaliyokwisha kufa, ambalo halipitishi maji hata tone. Isitoshe, jeraha la mtende halizibiki: tundu ulilolitoboa leo litabaki kuwa tundu.

Watafiti wa bonde la Arava, kusini mwa Israeli, walioyachapisha matokeo yao mwaka 2012, iliwabidi waunde sindano ndefu na ngumu zaidi. Kisha wakafanya jambo la busara: walizitia sindano hizo katika mitende mikubwa iliyopandwa ndani ya mapipa makubwa ya udongo yaliyokalishwa juu ya mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo ukishayatoa katika hesabu maji yaliyochuruzika chini ya pipa, kilo zilizopungua ni lita zilizokwenda hewani. Waliposhuhudiza sindano kwa mizani, waliona kwamba sindano zinasema kweli, mradi hesabu ibadilishwe. Ile ya asili haikuufaa mtende kama ile iliyorekebishwa. Wakaona pia kwamba mkondo wa maji ni mkubwa zaidi katikati ya shina kuliko pembeni. Mtu ambaye angepima pembeni tu, kama ilivyozoeleka kwa miti mingine, angeupunja mtende haki yake.

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba nilipoyasoma hayo niliikumbuka kazi yangu. Sarufi kadhaa za awali za lugha zetu zilijengwa kwa vigezo vya Kilatini, nazo zikatuachia visanduku ambavyo Kiswahili hakikai ndani yake bila ya kukunjwa miguu. Hatukusema kwamba Kiswahili kina kasoro. Tulisema kigezo kilichukuliwa kwa lugha nyingine. Ile karatasi iliyoachwa Turkana ilikuwa na dosari hiyo hiyo: ilikuwa kipimo cha shamba lingine, la udongo mwingine na maji mengine, kilichotiwa saini kana kwamba ni cha ulimwengu mzima.

Je, mtende wenyewe ulisema nini? Ulisema, kwanza, kwamba una ratiba. Huko Arava usiku haukunywa. Baina ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi mkondo ulipanda kwa haraka, saa sita mchana ukafika kileleni, kisha ukashuka taratibu hadi ukakoma usiku ulipoingia. Ulisema, pili, kwamba huona upungufu upesi mno: mitende ya shambani iliponyimwa maji, sindano zilionyesha mkondo ukipungua karibu mara moja, ingawa hali ya hewa haikubadilika. Sisi wapita njia tungeuona mti ule ule wa kijani, tukasema, tazama, hauhitaji kitu.

Tatu, mtende ulisema kwamba hunywa sana. Katika joto la kiangazi la nchi za Ghuba, mtende mmoja uliokomaa huweza kutumia zaidi ya lita mia moja kwa siku. Piga hesabu kwa mitungi ya yule mama: ni zaidi ya mitungi mitano, kwa mti mmoja, kwa siku moja. Mche hautumii kiasi hicho, lakini mche hukua, na kila kuti jipya ni mdomo mpya. Waarabu, walioishi na mti huu kwa maelfu ya miaka, hawakuuita mti wa bahati. Wao husema mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake motoni. Ukiuona umestawi jangwani, jua kwamba mizizi imeyafikia maji ya chini, au pana binadamu anayeuletea.

Hapa huzuka hoja ambayo nimeisikia kwa masikio yangu katika mikutano ya maendeleo: kwamba mtende hustahimili chumvi, na kwa hiyo nchi yenye maji ya chumvi ipandwe mitende, mambo yaishe. Tunakumbuka furaha ya Septemba 2013, ilipotangazwa kwamba chini ya ardhi ya Turkana, katika bonde la Lotikipi, pamegunduliwa ziwa la maji lisilo na kifani. Na tunakumbuka simanzi ya baadaye, visima vya majaribio vilipoonyesha kwamba maji yale yana chumvi nyingi. Mtende ungeweza kuonekana kuwa suluhisho.

Ni kweli kwamba katika miti ya matunda mtende ni miongoni mwa mivumilivu kabisa. Lakini kuvumilia si kupenda. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kizio kiitwacho desisimensi kwa mita. Maji ya bahari hufika kama 50. Mtende hauonyeshi hasara mpaka chumvi ya udongo ifike 4. Kutoka hapo, kila kizio kinachoongezeka hupunguza mazao kwa takriban asilimia 3.6. Chumvi ikifika 10, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mazao imekwenda. Ikifika 18, nusu imekwenda. Mti hautakufa. Utapunguza kunywa, utapunguza kukua, utapunguza kuzaa, na mwenye shamba atangoja tende zisizokuja.

Tena iko hila nyingine ndani ya chumvi. Mti ukinywa, chumvi iliyo nyingi huiacha udongoni. Usipoongeza maji ya kuisukuma chini, chumvi hujilimbikiza mizizini mwaka hata mwaka. Ukiongeza kupita kiasi, unamaliza kisima. Baina ya mawili hayo pana njia nyembamba, na hapana awezaye kuiona bila ya kujua mti wenyewe hunywa kiasi gani. Kwa ajili hiyo Abu Dhabi, ambako maji ya chini ya ardhi yanakauka, ilitunga sheria ya kuyasimamia mwaka 2016, na watafiti wakaitumia njia ya mapigo ya joto kuipima mitende ya huko, ikiwemo aina ya Lulu na Khalas, kila aina kwa maji ya chumvi tofauti. Lulu, kama tujuavyo sote, ni lulu. Hata hivyo nchi hiyo yenye mali ya mafuta haikuona haya kuhesabu maji ya mti mmoja mmoja. Sembuse sisi ambao maji yetu hubebwa vichwani?

Huenda msomaji akaniuliza: watu wana njaa, nawe unataka wapime miti? Namjibu kwa kumkumbusha mathenge. Mti huo uliletwa Baringo katika miaka ya 1980 ukisifiwa kama nilivyousifu mimi mtende: haufi, hauombi kitu, utazuia jangwa. Uliziba malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakawaharibu mbuzi meno. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2006 dhidi ya Serikali, Wailchamus walimpeleka mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi wao. Mtende si mathenge. Ni mti wenye baraka, na ndugu yake, mkindu, umetupa mikeka na vikapu tangu zama za mababu. Lakini kosa la binadamu ni lile lile, la kutanguliza sifa na kuchelewesha kipimo.

Ninachokiomba si kikubwa. Yeyote atakayepeleka mitende Turkana, Garissa, Wajir au Mandera, awe Serikali, kaunti au shirika, apime kwanza mambo matatu: chumvi ya maji, chumvi ya udongo, na kiasi ambacho mtende wa pale, katika jua la pale, hunywa kwa siku. Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu na wanafunzi wa kutosha. Sindano, betri na kibao cha umeme wa jua ni gharama ndogo ikilinganishwa na mradi mzima wa kisima. Na apewapo mama mtungi wa kumwagia mti, aambiwe kwa nini ni mmoja na si miwili, na ni mwezi gani idadi hiyo hubadilika.

Yule mwalimu mkuu hakunisubiri. Nilipompelekea maelezo ya mizani ya Arava, aliazima mizani ya kupimia magunia, akapanda mche mmoja katika pipa la plastiki, akaufunika udongo kwa nailoni ili jua lisiyavute maji yake, akawapa wanafunzi wa darasa la saba zamu. Huupima saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wakaandika daftarini. Akina mama nao wamekubaliana kunyweshea jioni, ili maji yaukute mti tayari alfajiri unapoanza kunywa, na wamefunika mashina kwa majani makavu.

Kila mwisho wa mwezi mwalimu hunitumia tarakimu zao. Sitazichapisha hapa. Ni za mche mmoja, na kazi bado mbichi. Tena si zangu. Ni za yule mama aliyeniuliza amwamini nani. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinionyesha daftari lenyewe, akaweka kidole kwenye mstari wa siku iliyotangulia, akaniambia: "Mwalimu, huu sasa tunajua kiu yake."

Mitende kumi na tisa ingali hai. Msemo wetu nitaendelea kuufundisha, maana ni mali ya lugha. Ila nikifika kwenye neno bahati, nitawaeleza wanafunzi wangu habari za mtungi wa lita ishirini.